Baiskeli kuukuu: kwangu swali ni vipuri

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu wa makamo anayenunua na kupanda baiskeli za zamani anatafuta nini, na je, si kutupa pesa? Swali limenigusa kwa kuwa nimepita hamsini, na baiskeli yangu ya Kiingereza, Raleigh ya breki za vyuma, ndiyo inayonitoa Tudor kunipeleka kazini Kilindini, hapa hapa kisiwani Mombasa. La pesa silijibu kwa urefu. Baiskeli haili petroli, na yangu niliipata kwa bei isiyonunua simu ya maana.

Linalonikera ni wanaozikusanya. Mtu ana baiskeli nne, tano, zote zimetundikwa ukutani, mipira imepasuka kwa kukaa. Huo kwangu ni uchoyo. Baiskeli iliundwa ipandwe.

Na raha ya kuipanda waijua wenyewe. Magurudumu ya inchi 28, umekaa wima, kiuno kimetulia, na mashimo ya barabara zetu yanaishia kwenye springi za kiti cha ngozi. Ni nzito, inakaribia kilo 20, lakini kisiwa hiki hakina milima. Kwa gia tatu za Sturmey-Archer hata daraja la Nyali nalipanda bila kushuka. Wakati wa kusi, kurudi nasukumwa na upepo, kwenda unanipiga usoni. Nashusha gia, tukutuku zinanipita, wala sina haraka nazo. Nilipokuwa kijana ningeona haya.

Msimu wa kaskazi uliopita gia zilianza kuteleza. Nakanyaga pedali, inazunguka bure. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Majengo, ambaye kazi hii ameianza kabla sijazaliwa. Akapangusa habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu chenye gia ndani, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, maandishi yakatoka: AW, jina la aina yake, na chini yake 58. Ndio mwaka iliyotengenezwa, 1958, kule Nottingham, Uingereza. Alipoifungua nikaona vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba kama unywele. Vilikuwa vimegandiana. Mtu aliyenitangulia alikuwa akitia mafuta mazito, na habu ile ina kitundu chake cha kutilia mafuta mepesi, matone machache tu. Fundi akaosha kila kimoja, akakipanga juu ya gazeti, akanionyesha kinavyoinuka na kulala. Akakusanya, akazungusha gurudumu, tik-tik-tik, safi kabisa.

Nikadhani tumemaliza. Akatikisa pedali. "Huku ndiko kwenye ugonjwa, mwanangu." Vikombe vya gololi kwenye ekseli ya pedali vilikuwa vimelika. Nikamwambia nitakwenda dukani nikatafute vingine. Akacheka. Hesi ya Raleigh hapo, ile mikato ya kufungia, ni 26 kwa inchi, na ya baiskeli nyingine za Kiingereza ni 24. Cha dukani kinaingia mizunguko miwili kisha kinakwama, na ukikilazimisha unaiua fremu.

Tukaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwenye mzani palikuwa na fremu ya Raleigh, ile nembo ya ndege korongo bado iko mbele, imelaliwa na mabati na jiko bovu. Inapimwa kwa kilo. Kijana aliyeileta alikuwa anangoja pesa zake. Fundi alisimama pale kimya kwa muda, kisha akaniambia nilipe. Nikalipa bei ya chuma.

Tuliporudi nilishika spana mwenyewe nivitoe vikombe vya fremu ile, nikavuta kwa nguvu. Fundi akanizuia: "Hapana, hicho cha kuume huzungushwa kinyume. Hivyo unakikaza." Kikombe cha upande wa kulia hesi yake imegeuzwa, ili pedali isikilegeze safarini. Kutu ya pwani ilikuwa imekishika. Tulikilaza na mafuta ya taa hadi baada ya magharibi ndipo kikakubali, na ndani kilikuwa kinang'aa. Hicho ndicho kilichomo kwenye baiskeli yangu leo.

Sasa, hapa nilipofika, yale ya uchoyo siwezi kuyaacha kama nilivyoyaandika. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa miaka ya 2000. Kila fremu inayopandishwa mzanini ni vikombe, nati na habu ambavyo Nottingham haitavitengeneza tena, na fundi wa Majengo hana ghala la kuviweka. Aliye na ukuta wa kutundikia baiskeli tano ameziokoa tano na tanuri la kuyeyushia chuma. Kwa hivyo nakubali: akusanye.

Lakini kwa masharti. Apande angalau moja, na ile anayoipanda asiifungie ndani kwa kuogopa mikwaruzo. Zisizopandwa atie mafuta, maana hewa yetu ya chumvi haingoji. Na fundi akija kuomba kipuri kwa ajili ya mtu anayeitegemea baiskeli kwa riziki, muuza madafu au mpeleka mikate, asitajiwe bei ya kitu cha makumbusho. Asiyeweza hayo, bado naona heri amuuzie mwenye kupanda. Mimi ile fremu ya mzanini sijaitupa, iko barazani, na usukani wake ni mzima kwa atakayeuhitaji.

Msomaji wenu, Tudor, Mombasa