Vifungio vya dhahabu visivyochubuka

SWALI: Natengeneza bangili na hereni za shanga hapa Ujiji, Kigoma. Vifungio vya rangi ya dhahabu vinachubuka mapema, na wateja wanalalamika mkono unabaki na kijani. Dhahabu tupu siimudu. Ninunue nini?

JIBU: Hivyo ni vya kuchovya: shaba yenye utando mwembamba mno wa dhahabu. Jasho na manukato vikiumaliza, shaba inagusa ngozi, na kijani chake ndicho hicho.

Tafuta vilivyovikwa dhahabu kwa joto na mgandamizo. Alama yake ni 1/20 14K GF (GF ni kifupi cha gold-filled), yaani tabaka la dhahabu ya karati 14 lenye uzito usiopungua sehemu moja ya 20 ya kifaa kizima. Bei iko juu, kwa hiyo viweke panaposuguana na ngozi tu: ndoano za masikio (waya wa milimita 0.8 unatosha), vifungio na vipete vya kuunganishia. Shanga za mapambo kwenye hereni zinaweza kubaki za kuchovya.

Usipige tupa wala msasa, utafikia shaba. Waya ukikatwa, ncha huonyesha shaba, ikunje ndani. Sumaku nayo isikudanganye: hunasa chuma, hainasi shaba, hivyo kifungio cha kuchovya nacho hakitanaswa.