Seli hupashana habari, haziashiriwi

Msomaji wetu, mwalimu wa baiolojia, anauliza kama ni sahihi kuandika "njia za kuashiria seli", kwa maana ya "cell signalling pathways" ya Kiingereza, katika makala inayoeleza jinsi lenzi ya jicho inavyoumbika na jinsi ugonjwa wa mtoto wa jicho unavyoanza.

Si sahihi, na kosa hili linaniudhi kila ninapokutana nalo. "Ishara" na "ashiria" vimetokana na Kiarabu na vimekaa vizuri katika lugha yetu. Mawingu meusi huashiria mvua: pana dalili, na pana jambo linalodokezwa na dalili hiyo. Basi "kuashiria seli" ni kuonyesha kwamba hapo pana seli, jambo ambalo hakuna mtafiti aliyelikusudia. Wanaojiokoa kwa kuandika "kuashiria kwa seli" hawajaokoka, kwa kuwa hawasemi seli inaashiria nini wala inamwashiria nani.

Litazameni jicho lenyewe. Mwaka 1901 mwanabaiolojia Mjerumani Hans Spemann aliharibu chanzo cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, katika kiinitete (mimba changa) cha chura, na ngozi iliyokuwa mbele yake haikuumba lenzi, kwa maana ujumbe wa kuiamuru haukufika. Mwaka 1963 watafiti Alfred na Jane Coulombre waliipindua lenzi ya kiinitete cha kuku, upande wa mbele ukaelekea nyuma, na zile seli fupi za mbele, zilipokabiliana na uteute uliojaa ndani ya jicho, zikarefuka zikawa nyuzi. Uteute huo umebeba protini za ukuzaji za jamii ya FGF, ambazo hunaswa na vipokezi vilivyo juu ya seli. Lenzi nayo, ikishaumbika, hupeleka ujumbe wake kwa konea inayochipuka, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Na protini nyingine, TGF-beta, ikizidi, seli za mbele huweza kugeuka zikawa kama za kovu, lenzi ikapoteza uangavu wake; hiyo ni aina mojawapo ya mtoto wa jicho.

Katika yote hayo yuko anayepeleka na yuko anayepokea, na Kiswahili kina kiambishi -an- cha kutendana kwa kazi hiyohiyo. Andika "njia za seli kupashana habari", au "kupelekeana ishara" ukitaka kulibakiza neno ishara. Mwanafunzi aliyeandika "kuashiria seli" katika mtihani nitamsamehe, kwani ndivyo alivyosomeshwa. Mhariri wa kitabu chake simsamehe.