Taharuki si kuficha tu

Miswada mingi ya waandishi chipukizi ninayoisoma inaamini kwamba taharuki ni kuficha. Anafichwa muuaji, linafichwa jina, mpaka msomaji anachoka kupapasa gizani. Fumbo lina nafasi yake, tena kubwa: mwandishi Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kazi ya kulifumbua, na tangu 1960 wasomaji wanamfuata. Lakini fumbo huamsha udadisi. Roho mkononi huja kwa njia nyingine.

Chukua kisa cha kikoba. Sanduku lina makufuli matatu, kila ufunguo na mama yake, na Jumapili ndiyo siku ya kuvunja kikoba na kugawana fedha. Kumbe hazimo. Ukinificha mwizi, nitawashuku wote, na nikishamjua basi, yamekwisha. Sasa niambie ukurasa wa kwanza kwamba ni mweka hazina, aliyechongesha funguo za wenzake ili amlipie mwanawe matibabu. Kisha mkalishe mkekani. Anamimina chai, kikombe kinagongagonga kwenye kisahani, jirani anamsifia kitenge. Kufuli la kwanza linafunguka. La pili. Ufunguo wa tatu unakwama. Kitabu sikiweki chini, na hujanificha kitu!

Mwongozaji filamu Alfred Hitchcock alimweleza mwenzake François Truffaut jambo hilohilo kwa bomu lililo chini ya meza: likilipuka ghafla, watazamaji wanashtuka kwa sekunde 15; wakijua mapema kwamba lipo, wanapata dakika 15 za taharuki.

Muda nao ni silaha. Anzia Ijumaa: mweka hazina ana mdeni aliyeahidi kumlipa kabla ya Jumapili, na simu yake haipatikani. Ila saa zihesabike kweli; Jumamosi isiyokwisha huua hadithi.

Taharuki ninayoipenda kuliko zote ni ya njia panda. Mmoja wa wenye funguo ni dada wa mweka hazina, na amegundua usiku wa kuamkia Jumapili. Aseme au anyamaze? Siri hakuna tena, lakini ninasoma kwa hofu kwa sababu ninajiuliza mimi ningefanyaje. Mpe kurasa za kutosha huyu dada, usimkimbize.

Na ukikata sura, ikate pale mtu anapolazimika kuamua. Mlango unaogongwa usiku, kumbe ni paka, msomaji atakuvumilia mara moja. Mara ya pili hata akisikia bunduki hatashtuka.