Kwa nini nilimkubalia Jaji

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Nimeona heri nikujibu kwa barua kuliko kwa simu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na hili nataka nilimalize.

Umeuliza: "Mama, Jaji alikuuliza kama mwenye duka alikuwa anamfahamu mteja wako, ukasema ndiyo, tena kwa miaka. Si ungekataa? Wewe ni wakili wake au wa Serikali?" Ukaongeza kwamba kaka yake mteja, uliyekaa naye benchi moja, alishika kichwa. Alishika kweli, nilimwona. Nadhani na wewe ulikuwa karibu kushika chako.

Uliingia mahakamani tukiwa katikati, kwa hiyo nianzie nyuma kidogo. Kijana yule alitiwa hatiani na mahakama ya chini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo sheria yetu ya Tanzania imeliwekea kifungo kisichopungua miaka 30. Hakimu akishamtia mtu hatiani hana mahali pa kwenda chini ya hapo, hata akimwonea huruma. Hakukamatwa na kitu chochote cha dukani. Hakuna alama ya vidole, hakuna maelezo ya kukiri. Kesi nzima ilisimama juu ya macho ya mtu mmoja: mwenye duka, aliyevamiwa saa mbili usiku na vijana watatu wenye panga, akasema mmoja wao ni huyu.

Rufaa ya kwanza Mahakama Kuu si kesi mpya kama watu wengi wanavyodhani. Hakuna shahidi anayeitwa. Kuna Jaji, kuna kumbukumbu za kilichosemwa kule chini, na kuna mawakili wawili wanaobishana juu ya karatasi hizo. Jaji ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, ila hakumwona shahidi akitokwa jasho wala akisitasita. Anasoma tu. Ndiyo maana huwezi kumdanganya juu ya kilichoandikwa: anacho mbele yake, na mara nyingi amekisoma usiku uliopita kwa makini kukuzidi wewe.

Sasa, sababu za rufaa sikuziandika mimi. Aliziandika mteja mwenyewe akiwa gerezani, kama wafungwa wengi wanavyofanya, kwa msaada wa wenzake wenye uzoefu. (Huko kuna watu wanaoijua sheria ya ushahidi kuliko baadhi ya vijana wanaokuja ofisini kwangu kuomba kazi.) Sababu ya tatu ilidai kwamba shahidi wa kwanza, yaani mwenye duka, hakuwa akimfahamu mrufani, yaani yeye mteja wangu, kabisa. Nilipopokea jalada nikasoma mwenendo wa shauri, nikakuta katika utetezi wake mwenyewe kijana amesema kwamba yule mama alikuwa akimkopesha vitu dukani na kwamba walizoeana. Ni maneno yake, chini ya kiapo, yako kwenye ukurasa.

Basi nilimfuata gerezani nikamweleza kwamba sababu ya tatu nitaiomba mahakama iiondoe. Aliniuliza swali lile lile lako, karibu kwa maneno yale yale. Nilimjibu hivi nitakavyokujibu wewe, akakubali. Hilo ulijue kwanza: jambo la ukweli wa tukio siwezi kulikubali kwa niaba ya mteja bila yeye kujua. Ningefanya hivyo ningestahili hayo uliyoniandikia, na zaidi.

Kesi za kutambuliwa usiku zina hukumu moja ambayo kila wakili hapa nchini anaijua, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya mwaka 1980. Mahakama ya Rufani ilisema humo kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni ushahidi dhaifu kuliko mwingine, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba uwezekano wa kukosea umeondolewa wote. Ikataja mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwenye mwanga gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Nilipomkubalia Jaji kwamba walifahamiana, niliuachia upande wa Serikali jambo moja katika hayo. Wewe na kaka yake mteja mliona hilo tu, na siwalaumu.

Lakini kuna hukumu nyingine, ya Marwa Wangiti Mwita, inayosema kwamba shahidi anapomtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo, hiyo ni dalili kubwa kwamba anaaminika. Akichelewa kumtaja bila maelezo, mahakama makini lazima ijiulize kulikoni. Turudi kwenye ushahidi. Usiku ule majirani walifika dukani baada ya kelele. Mwenye duka akawaambia amevamiwa na vijana watatu. Hakutaja jina. Jina la mteja wangu linaonekana kwa mara ya kwanza siku ya tatu, kituo cha polisi.

Sasa fikiria. Kama yule mama hakuwa anamfahamu kijana, kunyamaza kwake usiku ule ni kitu cha kawaida: utamtajaje mtu usiyemjua jina? Lakini kama ni kijana anayemkopesha sukari na sabuni kwa miaka, aliyesimama mbele yake na panga, kwa nini majirani waliofika dakika chache baadaye hawakuambiwa "ni fulani"? Kadiri alivyomfahamu vizuri, ndivyo ukimya wake unavyozidi kuwa mzito. Ningeng'ang'ania sababu ya tatu na nikaishinda, ningekuwa nimemkabidhi Wakili wa Serikali jibu la ukimya ule bure kabisa.

Uliona kilichofuata, ila labda hukukielewa. Wakili wa Serikali alisimama akasema shahidi alikuwa na hofu, ndiyo maana hakutaja jina. Jaji akamuuliza: "Hilo liko ukurasa gani?" Yule binti akafungua kumbukumbu, akafungua tena, akanyamaza. Halikuwepo. Kule chini mwendesha mashtaka hakumuuliza shahidi kwa nini alinyamaza, na maneno ya wakili aliyesimama mbele ya Jaji si ushahidi, hata yawe na mantiki namna gani. Nilimwonea huruma kidogo, maana jalada lile hakuliendesha yeye, alilirithi.

Umesema pia kwamba Jaji "alinikatiza katikati ya hotuba". Mwanangu, mle ndani hakuna hotuba. Wakili anayesoma alichoandika nyumbani huku Jaji akitazama ukutani anapoteza muda wa watu wote. Swali la Jaji ndilo dirisha pekee linalokuonyesha anachokifikiria kabla hajaandika hukumu, na ukilikwepa hulifuti: atalijibu mwenyewe baadaye, ofisini kwake, wewe ukiwa haupo. Nilifundishwa na wakili mzee niliyeanzia kazi kwake kuangalia kalamu ya Jaji. Ikisimama, na wewe simama. Ikiandika, ngoja iandike. Siku hizi ni kompyuta mpakato, lakini vidole navyo vinasimama. Niliposema "sibishi, Mheshimiwa Jaji, walifahamiana", aliandika. Nilipofika kwenye majirani, aliandika kwa muda mrefu zaidi.

Usidhani basi kazi yangu ni kukubali kila ninaloulizwa. Nadhani uliondoka kabla ya sehemu ya taa. Jaji aliniambia taa ya sola ilikuwa inawaka dukani, shahidi amesema, sasa ninabisha nini? Hapo sikurudi nyuma hata hatua. Nilikubali taa ilikuwepo. Sikukubali kwamba ilitosha. Shahidi hakusema ilikuwa na mwanga kiasi gani, ilining'inia wapi, wala wavamizi walisimama upande gani wa taa. Alinibana, nikarudia, akanibana tena kwa njia nyingine, nikarudia kwa maneno mengine. Mtu aliyetoka kukubali jambo dakika kumi kabla anasikilizwa anapokataa. Aliyekataa kila kitu tangu asubuhi, kukataa kwake hakuna uzito.

Mahakama zenyewe ndivyo zinavyofikiri. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka, katika kesi ya Mbushuu, kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Rufaa ikaenda juu. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha utu. Hata hivyo ikaiacha isimame, kwa kuwa Katiba yenyewe, katika ibara ya 30(2), inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa masilahi ya umma. Mimi binafsi sikuipenda hukumu ile na bado siipendi. Lakini angalia umbo lake: Jamhuri, yaani upande wa Serikali, ilishindwa kwenye swali la kwanza, zito kuliko yote, na ikashinda kesi kwenye la pili.

Na anayeficha? Mficha maradhi kifo humuumbua. Kenya mwaka 2017, katika shauri la kupinga uchaguzi wa rais, Mahakama ya Juu iliamuru tume ya uchaguzi iruhusu seva zake zikaguliwe. Amri haikutekelezwa ipasavyo. Majaji walio wengi wakasema wana haki ya kuuhesabu ukaidi huo dhidi ya tume, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa.

Kuhusu kama mimi ni wa mteja au wa Serikali: mimi ni wa mteja, na papo hapo ni ofisa wa mahakama, kama alivyo yule binti wa upande wa pili. Hata yeye zipo siku anasimama na kusema Jamhuri inaunga mkono rufaa, kwa sababu amesoma jalada akaona hukumu ya chini haiwezi kutetewa. Wakati mwingine Jaji huwakatalia wote wawili, kwani hafungwi na makubaliano yetu. Nimewahi kuliona hilo, na wakili unabaki umesimama hujui ukae au uendelee.

Mwambie kaka yake mteja, kama bado mnawasiliana, kwamba Jaji hakutoa uamuzi siku ile na hukumu itasomwa tarehe tutakayojulishwa. Siwezi kumwahidi chochote. Kama tukishindwa, tuna siku 30 za kuwasilisha notisi ya kukata rufaa, na karatasi zake nimeshamwachia kijana gerezani azitie saini siku hiyo hiyo ikibidi. Kule Mahakama ya Rufani, mbele ya majaji watatu, itakuwa rufaa ya pili, ambako husikilizwa hoja za kisheria tu. Mambo ya nani alimfahamu nani hayafunguliwi upya kirahisi. Lakini ukimya usio na maelezo, na taa isiyojulikana ilimulika kiasi gani, hayo ni maswali ya sheria, na yote mawili yameshaingia kwenye kumbukumbu.

Msalimie mkeo.

Mama yako