Mikrobiolojia inaanzia kwenye kikopo cha makohozi

Wadogo zangu mnaoanza udaktari hapa Moshi, mtapewa orodha ndefu ya majina ya bakteria na wengi mtakesha mkiikariri. Nilifanya hivyo hivyo. Mtihani nilifaulu, lakini wodini sikuweza kueleza kwa nini mgonjwa achukuliwe damu ya kuotesha, yaani ya kukuzia bakteria kwenye chupa, kabla hajachomwa dawa. Anzeni na sampuli, majina yatafuata.

Jambo la kwanza, pakeni kwa mikono yenu rangi ya Gram, ile inayogawa bakteria makundi mawili, Gram chanya na Gram hasi. Hans Christian Gram aliibuni mwaka 1884 akiwa Berlin, na hatua ni nne: kristali violeti ya zambarau, iodini, alkoholi au asetoni, kisha safranini. Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi, nayo ni ya sekunde chache tu. Gram chanya wana ukuta mnene unaong'ang'ania zambarau. Gram hasi ukuta wao ni mwembamba, na utando wao wa nje wenye mafuta huharibiwa na alkoholi. Zambarau inatoka, safranini inawapaka waridi.

Mara yangu ya kwanza nilimimina asetoni huku nikiongea na mwenzangu. Kioo chenye sampuli kilitiririsha zambarau, kikaacha, na mimi bado namimina. Kwenye darubini nikaona mashada kama zabibu za Dodoma, ila ya waridi, nikaandika Gram hasi. Kumbe ni stafilokokasi, bakteria wa Gram chanya. Mwalimu alinipa kioo kingine akasema, "Rudia. Tone likidondoka bila rangi, suuza hapo hapo." Ukuta wa bakteria niliuelewa siku ile, pale kwenye sinki. Tangu hapo sipaki sampuli ya mgonjwa bila kioo cha kulinganishia chenye bakteria ninaowajua.

Makohozi nayo yana somo lake. Bibi mmoja alikuja na kikopo kimejaa mate matupu, kwa sababu aliambiwa "tema humu" na basi. Nilimwamkia, nikaketi naye, nikamwonyesha: vuta pumzi ndefu mara mbili, kohoa kutoka kifuani. Kikopo cha pili kilikuwa na makohozi mazito ya njano. Rangi ya Ziehl-Neelsen, ya kutafutia bakteria wa kifua kikuu, ikaonyesha vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Bakteria wa kifua kikuu wana nta nyingi ukutani, ndiyo maana Gram haiwafai. Tena wanazaana polepole: wakati E. koli, bakteria wa utumbo, akipata chakula na joto zuri hugawanyika kila dakika 20 hivi, hawa huchukua karibu siku nzima, na kuwaotesha ni kazi ya wiki kadhaa. Kama yule bibi angerudishwa nyumbani na jibu la mate yake, angeendelea kukohoa karibu na wajukuu.

Halafu homa. Hili naomba mlibebe kwa uzito. Utafiti uliofanyika hapa Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Zaidi ya nusu, asilimia 60.7, waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Miongoni mwa wengine kulikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: brusela, leptospira, homa ya Q. Kwa hiyo muulizeni mgonjwa anafuga nini, amezalisha mbuzi lini, maziwa anachemsha au anakunywa mabichi. Kwa watu wa huku maswali hayo ni sehemu ya kipimo.

Na damu ya kuotesha itoke kabla ya antibiotiki, dawa isije ikawazuia bakteria kuota, ila mgonjwa aliye taabani asicheleweshewe dawa kwa ajili hiyo. Kwa mtu mzima jaza mililita 8 hadi 10 kwa chupa, maana bakteria kwenye damu huwa wachache na damu kidogo huwakosa. Ngozi isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke yenyewe. Usiipulizie, usiiguse tena kutafuta mshipa. Kizibo cha chupa nacho kifutwe. Andika jina na saa ukiwa bado umesimama pale kitandani.