Maswali yenu: mbwa na paka wanajuaje tukiwa na stresi?

Swali: Nipo Tandahimba, nimeshapeleka korosho ghalani nasubiri hela, kila nikikaa na mawazo mbwa wangu anakuja kulala miguuni kwangu. Anajua nini huyu?

Kaka, anakunusa. Ukiwa na stresi mwili unamwaga homoni, harufu ya jasho na pumzi inabadilika, wewe husikii kitu ila pua ya mbwa inasikia. Chuo Kikuu cha Queen's kule Belfast walilipima hili mwaka 2022, waliwapa watu hesabu ngumu za kichwani wakachukua jasho na pumzi zao kabla na baada, na mbwa 4 waliofundishwa wakawa wanaichagua ile ya mwenye stresi karibu mara 94 kwenye kila 100, na hapo ni harufu tu, mtu mwenyewe hawamuoni. Sasa huyo wako anakujua mpaka unavyotembea na saa unayompa ugali! Habari za mnada hazijui, anachojua mtu wake hayupo sawa. Mwache alale hapo hapo, mkune nyuma ya masikio taratibu, na wewe utatulia.

Swali: Kwa hiyo stresi zangu zinamuumiza na yeye?

Zinamfikia ndio. Sweden mwaka 2019 walipima nywele za watu na manyoya ya mbwa wao 58, wakakuta homoni ya stresi ya mbwa inapanda na kushuka pamoja na ya mwenye mbwa, yaani stresi ya miezi, sio ya siku moja. Mpe chakula saa zile zile hata siku ukiwa huna hamu ya kula wewe.

Swali: Nipo Lindi mjini, mama anaumwa, nyumba imejaa wageni, na paka wetu dume ameanza kukojoa kwenye godoro. Ni kiburi?

Pole sana dada, na mama Mungu amjalie nafuu. Sio kiburi kabisa, na naomba usimpige maana ukimpiga hofu inazidi na mkojo unazidi. Kwanza mwangalie akichuchumaa: akijikamua halafu hakitoki kitu, au yanatoka matone tu, huenda njia imeziba, mkimbize kwa daktari wa mifugo leo leo, paka dume anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu kwa hilo. Kama anakojoa vizuri, basi wageni na harufu mpya zimemvuruga, anaweka harufu yake pale anapojisikia salama. Mtafutie kona ambayo wageni hawafiki, boksi lenye kanga uliyoivaa, beseni la mchanga pembeni, na watoto wamwache.

Swali: Mikindani hapa. Nikimfokea mwanangu mbwa anapiga miayo na kulamba lamba midomo. Ana usingizi?

Hapana mama, anaogopa. Miayo isiyo ya usingizi, kulamba midomo, mkia kuingia katikati ya miguu, hiyo ndio lugha yake kabla hajaanza kunguruma, na akinguruma usimchape, msogeze mtoto pole pole mbali nae. Na chanjo ya kichaa cha mbwa apate kila mwaka. Ikitokea ameng'ata, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali hapo hapo, hata kama kimekwaruza tu.