Kabla hujampa mtu programu yako akuuzie

Vijana huniuliza waanze na lugha gani ya kompyuta. Mimi huwaanzia na habari za Dan Bricklin, Mmarekani aliyebuni programu ya hesabu iitwayo VisiCalc, maana kilichomkuta yeye ndicho kilichonikuta mimi, ila chake kilikuwa kikubwa.

Mwaka 1978 Bricklin alikuwa akisoma biashara Harvard, tayari amewahi kuajiriwa kuandika programu. Darasani mwalimu anajaza ubao hesabu za kampuni; tarakimu moja ikibadilika, anafuta kwa mkono na kuandika upya zote zinazoitegemea. Bricklin akaona kazi hiyo ni ya kompyuta. Akajaribu wazo lake kwenye Apple II ya kuazima, kisha rafiki yake Bob Frankston akaiandika programu yenyewe, mara nyingi usiku, kwa sababu muda wa kukodi kompyuta kubwa ulikuwa nafuu saa hizo. Mwaka 1979 wakafungua kampuni yao, Software Arts, na kabla mwaka haujaisha VisiCalc ikaanza kuuzwa: jedwali ambalo ukibadilisha tarakimu moja, zinazoitegemea hujikokotoa zenyewe. Watu walinunua kompyuta ili tu waipate. Anza na usumbufu unaoujua, kama yeye.

Lakini muuzaji alikuwa mwingine: kampuni ya Personal Software, baadaye ikaitwa VisiCorp. Wao wanauza, waandishi wanalipwa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo. Fedha zikiingia, nani ataufungua mkataba? Mwaka 1983 ikaja programu pinzani ya kampuni ya Lotus, Lotus 1-2-3, iliyoandikwa kwa ajili ya kompyuta ya IBM PC, mauzo ya VisiCalc yakaporomoka, na mwaka huohuo mwandishi na muuzaji wakafikishana mahakamani. Mwaka 1985 Lotus ikainunua Software Arts.

Mimi niliandika programu ya stoo ya duka la dawa. Jamaa mmoja akaomba kuiuza, tukaenda vizuri miaka miwili. Siku moja akamwahidi mteja kwamba baada ya wiki mbili itafanya kazi kwenye simu, bila kuniuliza. Ilinichukua wiki saba, na fedha akazizuia. Nilirudi kwenye meseji zetu kutafuta makubaliano, nikakuta mstari mmoja: "Poa, tutagawana."

Andikeni mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja: nani anampa mteja tarehe, nani analipia mabadiliko, jina la programu ni la nani, mkiachana wateja wanahudumiwa na nani. Karatasi yangu ya sasa ina kurasa mbili za Kiswahili, na tunaisoma kwa sauti sote wawili kabla ya kutia saini.